Nimekuta jiwe lenye maandishi ndani ya ukuta wa zizi, mwenye nyumba anataka niligeuze uso. Nifanyeje?

Mwashi wa Kisiwani (mwanzisha mada), Jumanne usiku

Wakuu, habari za jioni. Naomba mnisome hadi mwisho kabla ya kunirukia. Stori ni ndefu na vidole vimenipasuka kwa chokaa, naandika kwa kidole gumba kimoja.

Mimi ni fundi mwashi, mzaliwa wa Kilwa Kisiwani. Uashi niliuanzia Masoko nikibeba zege, nikaupata hasa Dar, na huu ni mwaka wa tisa niko kaskazini mwa Uingereza, Northumberland, upande wa Hexham. Nakarabati nyumba za kale za mawe, hasa za wakulima: nyumba yenyewe, zizi, ghala, kuta za mipaka. Kwa chokaa, si saruji. Wenzangu kazini hucheka kwamba nimetoka Afrika kuja kuwafundisha kuzima chokaa, lakini babu yangu mzaa mama alikuwa mchoma chokaa. Nimepanga magogo na matumbawe kwenye tanuu kabla sijajua kusoma.

Nyumba za wakulima huku zimesimama moja moja kwenye vilima vya nyasi, kuta nene, madirisha madogo, na mara nyingi watu wako upande mmoja na ng'ombe upande wa pili chini ya paa moja. Asiye fundi ataona ukuta wa mawe, basi. Fundi akisogea anaona mawe hayafanani. Kuna makubwa ya hovyo yaliyookotwa shambani. Katikati yake kuna madogo yaliyochongwa, karibu mraba, uso wa kama sentimita 25 kwa 18, na mkia umechongoka kwenda ndani kama gego. Hayo hakuyachonga mkulima. Mkulima hana muda huo. Hayo yametoka kwenye Ukuta wa Hadrian.

Kwa asiyeujua: kuanzia mwaka 122 askari wa Kirumi walijenga ukuta kukatiza nchi hii kutoka bahari hadi bahari, kilomita 117 hivi, kwa amri ya mfalme wao Hadrian. Warumi wakaondoka mwanzoni mwa karne ya 5, ukuta ukabaki. Kwa watu wa hapa ule ulikuwa mgodi wa mawe yaliyokwisha kuchongwa, yapo juu ya ardhi, yanasubiri mkokoteni. Wewe ungeenda kupasua mwamba?

Haya, sasa shida yangu. Nipo kwenye zizi lililoshikana na nyumba ya bibi mmoja mjane, umri umepita themanini, bado anaamka saa kumi na moja alfajiri. Ukuta wa zizi umetoa tumbo. Ukiuangalia kwa timazi, katikati umetoka nje kiasi cha kiganja kizima. Sababu ni ileile ya kila siku: mafundi fulani miaka ya nyuma walijaza viungo vyote kwa saruji, ngumu kama chuma, maji yakiingia hayana pa kutokea, barafu ikija jiwe la mchanga linamenyuka uso kama kitunguu na kifusi cha katikati kinageuka matope. Nimetumia siku mbili na tindo kutoa saruji tu.

Siku ya tatu nikaanza kushusha mawe karibu na mwimo wa mlango, nikiyaandika namba. La kwanza kubwa, lina tundu juu lenye mdomo mwembamba linalopanuka kwa ndani kama mkia wa njiwa. Hilo nalijua, ni la kuingizia vyuma vitatu vya kunyanyulia: vya pembeni kwanza, cha katikati mwisho, vinajibana, jiwe linapanda kwa winchi. Wenzangu wanaviita luisi. Sasa niambieni, mkulima wa zizi la ng'ombe winchi kaitoa wapi? La pili uso wake wote umechanjwa mistari ya kukatana, vijishimo vya umbo la almasi. La tatu lilikuwa limelala kichwa chini, na upande uliotazama ndani kwenye kifusi lina maandishi. Yamefifia. Nimeona kitu kama C, kisha mstari, kisha kama M, au W.

Nikamwita bibi. Akainama, akalitazama, akasema (natafsiri) nililaze vilevile lilivyokuwa, uso ndani, na nisimwambie mtu. Si kwamba halijali. Anaogopa watu wa serikali watakuja, kazi itasimama, na ng'ombe wake arobaini wanatakiwa ndani kabla baridi haijakaza. Jirani yake alisubiri kibali cha paa miezi na miezi. Nyumba yenyewe imeorodheshwa kama jengo la kihistoria, daraja la pili, kwa hiyo hofu yake haikutoka hewani.

Mimi nimefundishwa kwamba kila jiwe lina uso wake na fundi halifichi uso. Fundi wangu wa Dar alikuwa anabomoa kozi nzima ukilaza jiwe uso ndani. Lakini zizi si langu.

Na kuna jambo jingine linanisumbua. Kisiwani, nyuma ya jiko la bibi yangu, palikuwa na tumbawe lililochongwa nakshi ya kamba iliyosukwa, ukubwa wa boflo mbili. Bibi alikuwa akisugulia visigino. Kila alhamisi jioni, ndoo ya maji, miguu juu ya jiwe, kwaruza kwaruza. Upande mmoja nakshi ilikuwa imelika hadi ikawa laini. Lilitoka wapi? Wote tulijua, magofuni. Nani alilileta? Bibi alilikuta pale alipoolewa. Hakuna aliyemwita mharibifu. Sasa nani mimi wa kumsemea bibi wa huku?

Naomba ushauri: (1) nitajuaje kwa uhakika mawe haya ni ya kale kuliko zizi, (2) nikimtii bibi nimekosa?

Chuma Chakavu

Mkuu mbona rahisi. Funga kwenye gunia, tupia mtandaoni, wazungu wananunua hata tofali la choo cha mfalme. Tugawane nusu kwa nusu, mimi ndiye niliyekupa wazo.

Mwashi wa Kisiwani

Chuma, niko kwenye nyumba ya watu. Halafu jiwe lina kilo kama sabini, njoo ulibebe.

Mzee wa Kutomea, Lamu

Assalaam alaykum fundi. Nimefurahi kuona kijana anayejua kuzima chokaa, huku kwetu wanaitafuta kwenye mfuko kama unga wa ngano. Mimi nimetomea nyumba za mawe tangu sijaoa, na sasa nina wajukuu wanaoa.

Swali lako la kwanza nitalijibu, la pili waachie wenye elimu.

Jiwe lililohama husema lenyewe. Litazame chokaa lake kabla hujalisafisha. Kama kwenye ubavu au mgongo kuna chokaa kingine, rangi nyingine, chembe za mchanga tofauti na zile za ukuta huu, basi jiwe hilo lilishawahi kuolewa kwingine. Mimi hukikwangua kidogo kwa ukucha na kukiweka ulimini. Usicheke. Chokaa la zamani lililochomwa kwa kuni lina vipande vidogo vya mkaa, utavihisi.

Kisha tazama uso uliofichwa. Uso uliofichwa tangu siku ya kujengwa unakuwa mkali, alama za patasi zinang'aa kama jana. Ukiona uso wa ndani umeliwa na mvua, ujue ulikaa nje miaka mingi kabla ya kuja kulala gizani. Na tazama kazi isiyo na kazi: tundu la bawaba mahali pasipo mlango, mfereji usiopeleka maji popote. Hilo tundu lako la vyuma ni mfano. Fundi wa zizi hakulihitaji. Alilikuta.

Niliwahi kufungua ukuta wa nyumba moja hapa mtaani, ukuta wa choo, na ndani ya kifusi nikatoa kipande cha mwimo wa tumbawe chenye nakshi safi kabisa, kimetiwa kichwa chini kama kokoto. Mwenye nyumba alisema kirudishe, nyumba imezoea. Nikakirudisha. Lakini nilikitia uso nje. Kiko pale, ukiingia chooni unakiona.

Na fundi, habari ya tumbo la ukuta: umetafuta mawe ya kufunga, yale marefu yanayopita unene wote? Ukuta wa ngozi mbili, ya nje na ya ndani na kifusi katikati, usio na mawe ya kufunga utatoa tumbo hata ukiujaza dhahabu. Usimlaumu saruji peke yake.

Mwashi wa Kisiwani

Shikamoo mzee. Umenikamata. Katika mita tatu nilizofungua nimekuta jiwe la kufunga moja tu, tena limevunjika. Mawe haya ya Kirumi ni mafupi, nusu mita kwa urefu. Kwenye ukuta wao mnene wa karibu mita tatu yalikuwa yanashika kifusi kwa ule mkia. Hapa yamesimamishwa kama meno bandia.

Chokaa nimekitazama sasa hivi kwa tochi. Jiwe la almasi lina chokaa cheupe ubavuni, na zizi lote limejengwa kwa udongo na chokaa kidogo cha rangi ya kahawia. Sijakiweka ulimini, samahani mzee, hapa ni zizi la ng'ombe.

Bint Magofu

Fundi, pole na hongera kwa pamoja. Nimesoma mambo ya kale Dar na nikakaa Newcastle mwaka mmoja kwa masomo, kila mwisho wa wiki nilikuwa kwenye basi la kwenda ukutani, kwa hiyo hili nalijua kwa miguu.

Kwanza ujue zizi lako si la ajabu huko. La ajabu lingekuwa zizi lisilo na jiwe la Kirumi. Kanisa la Hexham, chumba cha chini kilichojengwa karne ya 7, kuta zake ni mawe ya Kirumi matupu, mengine bado yana nakshi na maandishi. Mwaka 1881, humohumo kanisani, waliinua jiwe wakakuta ni kaburi la kijana wa Kirumi, mshika bendera wa kikosi cha farasi, Flavinus, amekufa na miaka 25. Nyumba ya watawa ya Lanercost, karne ya 12, hivyohivyo. Ngome ya Thirlwall, karne ya 14, imejengwa kwa mawe ya ukuta, kisha yenyewe ilipoachwa wakulima wakaja kuchota mawe hayohayo. Kuna jiwe huko limejengewa mara tatu.

Kwenye kambi ya Housesteads, geti la kusini, ukoo mmoja wa Armstrong, watu wa kuiba farasi na ng'ombe mpakani, walijibanza na kujenga nyumba-ngome: ng'ombe chini, watu juu. Chumba cha mlinzi wa Kirumi wakakifanya tanuu la kukaushia nafaka. Ukienda leo utaona vyote viwili, geti na nyumba, hawakuviondoa. Na shamba la Willowford kwenye ukuta wa banda lao kuna jiwe dogo lenye jina la akida wa askari aliyejenga kipande chake, Gellius Philippus. Mkulima alilitia ukutani kama jiwe lolote.

Lakini kisa chako hasa ni cha Planetrees, na hapo si mbali na wewe. Mwaka 1801 mzee mmoja wa miaka 78, William Hutton, alitoka Birmingham kwa miguu kwenda kuuona ukuta, akautembea wote na kurudi, maili kama 600. Planetrees alikuta kipande kizuri kuliko vyote, urefu yadi 224, kimo futi saba na nusu. Mwenye shamba, Henry Tulip, alikuwa anakibomoa ili ajenge nyumba ya shamba. Yadi 95 zilishakwenda. Tulip mwenyewe hakuwepo, kwa hiyo mzee akampa mtumishi salamu ampelekee bwana wake, akimwomba aache. Kilichobaki pale leo ni kipande kifupi tu, unakiona kutoka barabarani. Nilikaa juu ya nyasi nikala mkate wangu nikimfikiria yule mtumishi. Salamu alizifikisha kwa sauti gani?

Sasa mawe yako. Tundu la luisi peke yake halithibitishi Urumi, mafundi wa makanisa walilitumia pia. Na kwenye mwili wa ukuta hutalikuta, mawe yale yalibebwa kwa mkono. Kama ni la Kirumi, limetoka kwenye geti au daraja. Michanjo ya almasi ina nguvu zaidi, wengi wanaichukua kuwa alama ya fundi wa Kirumi. La maandishi sisemi kitu hadi nione picha. Usilisugue kwa brashi ya waya! Usilipake chaki. Subiri giza, weka tochi ubavuni kabisa, mwanga ulambe uso wa jiwe, kisha piga picha kutoka mbele. Ukiona alama kama C iliyogeuka au pembe kama >, basi hiyo ni alama ya kikosi cha akida, niamshe hata usiku wa manane.

Kuhusu bibi: sheria ya hazina ya 1996 inahusu hasa dhahabu, fedha na vitu vya namna hiyo, jiwe la ukutani halimo. Hakuna wa kuja kulichukua. Lakini nyumba imeorodheshwa, kwa hiyo kabla hujaendelea kushusha ukuta, mpigie afisa wa majengo ya kihistoria wa halmashauri. Ukarabati wa kurudisha jiwe lilelile mahali palepale kwa chokaa ndio wanaoutaka, kwa kawaida hauna ugomvi. Ugomvi huja ukikutwa umefanya kimyakimya.

Sauti ya Nyika

Nimesoma yote. Hivi hamuoni kichekesho? Wenyewe wamebomoa ukuta wa Warumi wakajengea mazizi, makanisa na vyoo, miaka mia kwa mia. Leo unaitwa urithi wa dunia. Sisi mwanakijiji akichukua jiwe moja gofuni anaitwa mjinga asiyejua thamani. Bibi yako wa Kilwa na bwana Tulip tofauti yao nini? Mmoja ana shamba la hekta na jina kwenye historia, mwingine ana visigino.

Chuma Chakavu

😂😂 "mwingine ana visigino". Nimekufa.

Bint Magofu

Sauti, hujakosea, na utapenda hili: aliyeharibu zaidi hakuwa mkulima. Baada ya uasi wa 1745 serikali ilijenga barabara ya jeshi kutoka Newcastle kwenda Carlisle, miaka ya 1750, na kwa maili nyingi walisawazisha ukuta wakauweka chini ya barabara kama kokoto. Bado magari yanapita juu yake. Na aliyeokoa pakubwa, John Clayton, karani wa mji wa Newcastle, hakumfundisha mtu thamani. Alinunua mashamba yenyewe, moja baada ya jingine, karne ya 19. Housesteads aliinunua 1838. Alikuwa na pesa.

Ila tofauti moja ipo. Kwetu Tanzania bara sheria ya mambo ya kale ya 1964 inalinda majengo ya kabla ya 1863, na jiwe la bibi wa fundi limo ndani kwa karne kadhaa. Nyakati za Tulip sheria ya namna hiyo haikuwepo.

Sauti ya Nyika

Kwa hiyo waliiweka sheria baada ya kumaliza kujenga mazizi. Sawa.

Mwashi wa Kisiwani, Jumatano, saa 5 usiku

Sauti, bibi yangu alifariki 2011 na jiwe bado liko palepale nyuma ya jiko, limeota kuvu. Mjomba anawekea kuku maji. Sitaki kulifanya kubwa kuliko lilivyo, ila ukiuliza tofauti, bibi hakubomoa kitu. Tulip alibomoa.

Niko zizini na tochi. Mbwa wa bibi amenikubali. Picha nimeziweka hapo chini.

Bint Magofu

Nimeziangalia. Fundi, geuza simu kichwa chini.

Mzee wa Kutomea

Hata mimi nimegeuza. Hiyo si M.

Mwashi wa Kisiwani

Ewaa. Jiwe lilikuwa kichwa chini na mimi nilikuwa nimelisoma kichwa chini. Ni W. Halafu nukta. Halafu R. Kile nilichokiita C ni tumbo la R limemenyuka. Na chini yake kuna 17, kisha tarakimu nyingine mbili ambazo moja inaweza kuwa 6 au 8, ya mwisho imekwenda.

Bint Magofu

Basi si Mrumi, ni jiwe la juu ya mlango. Wakulima wa huko karne ya 17 na 18 walipenda kuchonga herufi za jina na mwaka juu ya mlango wakimaliza nyumba au wakioa. Mlango wenyewe ulishabomolewa, zizi likajengwa upya, jiwe likatupwa kwenye kifusi. Samahani fundi. Usiku wa manane nitalala.

Chuma Chakavu

Bei imeshuka.

Mwashi wa Kisiwani, siku kumi na mbili baadaye

Wakuu, naleta mrejesho kama nilivyoahidi, wengine mmenitumia ujumbe pembeni.

Asubuhi ile nilimwonyesha bibi picha, nikamwambia herufi ni W na R. Akakaa kimya. Kisha akaingia ndani, nikadhani amekasirika, akarudi na Biblia kubwa ya familia ya marehemu mumewe, ukurasa wa mwanzo umeandikwa majina kwa wino wa kahawia, baba kwa mtoto. Wa juu kabisa, jina lake la kwanza linaanza na W, na ukoo wao unaanza na R. Mwaka haujaandikwa. Bibi alikipitisha kidole chake juu ya lile jina, kidole chenye kucha nyeusi za mkamua maziwa, mara mbili.

Tangu hapo hakuna tena habari ya kugeuza uso. Sasa anataka jiwe litoke kabisa, likae juu ya mlango wa zizi, watu waone. Nikamwambia hapo ndipo tunapohitaji kumpigia afisa, maana kulihamisha si kulirudisha. Akampigia mwenyewe. Alizungumza naye kwa ukali kama vile yeye afisa ndiye aliyechelewa.

Afisa alikuja baada ya siku nne, dada mmoja na buti za mpira, akanywa chai, akapiga picha kila kitu. Jiwe la W.R. akasema tuandike barua na mchoro, hakuona kizuizi, jibu tunalisubiri. Alipofika kwenye jiwe la almasi na lile la luisi alipiga magoti kwenye mavi ya ng'ombe bila kujali. Akasema yabaki yalipokuwa, kwenye mwimo uleule, na akanipa jina la mtu wa kuandikisha vitu vya kale ili yaingie kwenye kumbukumbu. La almasi anaamini ni la Kirumi. La luisi, kama alivyosema Bint, akasema labda ni la daraja au geti, hakutaka kuapa.

Bibi alisimama nyuma yetu muda wote huo, mikono mfukoni. Nilimwuliza kama hafurahi kuwa na jiwe la miaka 1,900 zizini. Akasema ng'ombe wamejikunia migongo hapo maisha yake yote, limefanya kazi nzuri.

Nikacheka peke yangu hadi akaniuliza nini. Nikamweleza habari ya bibi yangu na visigino. Akataka kujua kama tumbawe linasugua vizuri kuliko lile jiwe jepesi la dukani. Nikamwambia halina mfano.

Mzee wa Kutomea, mawe ya kufunga nimepata sita, marefu, kutoka kwenye ukuta wa mpaka ulioanguka wenyewe shambani kwake, afisa ameyaona na kuyakubali. Nimeyapitisha unene wote, moja kila mita. Mwimo umesimama, timazi inalala sawa. Yale mawili ya kale nimeyalaza uso nje, mkia ndani, na nafasi zake nimezitomea kwa vibanzi vidogo vya mawe kama ulivyonifundisha kwenye ule ujumbe wako mrefu wa pembeni. Mwenzangu kazini ameuliza huo mtindo ni wa wapi, nikamwambia Lamu, akauliza Lamu iko Scotland?

Ninachoogopa sasa ni baridi. Jana usiku imeshuka hadi nyuzi 2, na chokaa changu cha juzi bado kibichi. Kikiganda kabla hakijashika, kinageuka unga. Nimekifunika kwa magunia na turubai, na juu ya turubai bibi ameweka mablanketi mawili ya farasi. Mzee, je, ungethubutu kuweka jiko la mkaa ndani ya zizi usiku, mbali na ukuta, au joto la upande mmoja litakipasua? Ng'ombe wanaingia Jumamosi.

Mzee wa Kutomea

Usiweke moto. Ingiza ng'ombe leo, uwafunge upande wa pili. Arobaini wakipumua usiku kucha hutahitaji mkaa.